Wiki Waliyotaka Kuniuzia Kolo

Kikuyu, Dodoma
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo sana, Mama. Natumaini barua hii inakukuta mgongo umetulia, na kwamba Wande anakusomea akiwa amekaa karibu nawe, si huku anachochea moto. Wande, nawe hujambo, dada? Soma polepole, usiruke mahali, hata pale nitakapojitukana mwenyewe. Sisi huku ni wazima. Elias anakuamkia. Mjukuu wako, Nyanzala mdogo, ni mzima pia. Siku hizi hatembei, anakimbia, na ukimwita kwa jina lako anaitika kwa sauti ya mwenye nyumba. Vumbi tu ndilo linatusumbua, maana upepo wa Dodoma unaujua.

Mama, nina hasira. Nimengoja siku kadhaa zipoe ndipo niandike, hazikupoa. Juzi yule kijana wa jirani yetu anayefanya kazi kwenye treni alipita ofisini kwangu. Akaniambia kwamba siku ile tuliyoahidi kufika mlikuwa stesheni ya Urambo, wewe na Wande, na kwamba uliongozwa behewa hadi behewa ukiulizia mtoto mpaka treni ikapiga honi. Nilirudi kwenye taipureta nikaharibu kurasa tatu mfululizo.

Kwanza ujue sikusahau. Likizo yangu ilikuwa imepitishwa. Nauli ya kwenda kwetu, ambayo serikali hututolea mara moja katika miaka miwili, ilikuwa imetoka, na tiketi za Alhamisi zilikuwa mkobani. Tangu Wande aniandikie kwamba jicho la kushoto limeziba, na kwamba kwa la kulia unamwona mtu akisimama karibu penye mwanga, nilikuwa na nia moja tu: umwone mtoto kabla na hilo halijafunga. Nilimshonea hata gauni jekundu, kwa sababu Wande alisema rangi nyekundu bado unaiona.

Sasa sikia yaliyotupata. Siku chache kabla ya safari Elias alirudi nyumbani anacheka peke yake. Alikuwa amepita sokoni akakuta vijana wameweka meza chini ya mwavuli, wanagawa fomu. Tangu kila kitu kiwe ruksa, mji huu umejaa meza za namna hiyo. Leo dawa ya meno, kesho bahati nasibu, keshokutwa mafuta ya kuotesha nywele. Unajaza jina na kazi yako, halafu unapewa kadi ya kukwangua. Elias alikwangua akashinda: siku tatu za mapumziko, kula na kulala bure, yeye na familia yake, kwenye kijiji kipya cha mapumziko karibu na Kolo, huko Kondoa. Tena tungepelekwa kuona michoro ya watu wa kale iliyo kwenye miamba. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba kila aliyeandika kuwa ana mshahara alishinda. Mama muuza nyanya aliye jirani na meza ile alikwangua pia, hakupata hata kalamu.

“Tangu tuoane tumepumzika lini?” Elias akaniuliza. “Tunakwenda Jumatatu, tunarudi Jumatano, Alhamisi asubuhi tuko kwenye treni.”

Nikasema haya. Haya hiyo ndiyo ninayoijutia mpaka leo.

Ujinga wetu ulianzia kwenye kufungasha. Sisi tulijua tumealikwa, Mama. Nilibeba jogoo na karanga, maana hukutulea kwenda kwa watu mikono mitupu. Getini tulipokewa na kijana mwenye tai, jina lake Shomari, akampokea jogoo kwa mikono miwili kama mkwe. Mahali penyewe ni pazuri, sitasema uongo. Vitanda vina vyandarua vyeupe, na bombani yanatoka maji ya moto. Tulikuwa familia sita: walimu, karani wa benki, nesi mmoja na mumewe, watu wa heshima zao. Jioni ile nilijiona na mimi mtu.

Jumanne asubuhi tukaambiwa kwamba kabla ya kwenda kwenye michoro kuna semina fupi, saa moja na nusu tu. Elias kusikia semina akavaa shati jeupe. Kila familia ikapewa meza yake na kijana wake. Wetu akawa Shomari.

Mama, wale watu hawauzi nyumba wala kiwanja. Wanauza wiki. Unalipa fedha nyingi, unakuwa mwenye wiki moja ya chumba kile, kila mwaka, kwa miaka ishirini na mitano. Wiki yako ikifika unakuja na begi lako. Ikiisha unatoka, anaingia mwenye wiki inayofuata. Usipokuja shauri yako, na ada ya usafi utalipa vilevile. Nilimwuliza Shomari kama mlango ule ungekuwa wangu.

“Wako kabisa, dada,” akasema. “Kwa siku saba.”

Tulifanya kama ambavyo mtu yeyote mwenye adabu angefanya. Tulisema sawa, tumesikia, ni jambo jema, tutakwenda kulifikiria. Huwezi kumwambia mtu hapana usoni na kuku wake yuko mdomoni, hata kama kuku mwenyewe umemleta wewe. Lakini kila tuliposema sawa, Shomari alitia alama kwenye karatasi yake.

“Kufikiria nini tena, shemeji?” akamwambia Elias. “Bei hii ni ya leo. Ukiinuka kwenye kiti hicho, imekufa.”

Saa moja na nusu ikawa saa tatu, kisha saa tano. Akaja mkubwa wake akashusha bei. Akaja mama mmoja mnene mwenye manukato akaishusha tena, akanipapasa bega, akasema ananipenda kama mdogo wake. Mtoto akilia, Shomari anambeba, anakwenda naye nje kwenye maua, anamlisha peremende. Sasa ningeondokaje, na mwanangu yuko mikononi mwa mwuzaji? Elias akasimama akasema, “Basi tunaomba ruhusa, tukapumzike kidogo.” Shomari akacheka. “Ruhusa ya nini, kwani hapa si kwenu?” Na Elias, mume wangu mwenye ndevu zake, akakaa tena. Nilimchukia, Mama. Halafu nikajichukia mwenyewe, kwa sababu na mimi nilikuwa nimekaa. Ndivyo tulivyolelewa: umekula kwa mtu, huinuki mpaka mwenyewe akuruhusu. Watu wale walilijua hilo vizuri kuliko sisi.

Jumanne yote ikaisha hivyo. Kilima chenye michoro tulikuwa tunakiona dirishani. Mpaka leo sijaiona hata mstari mmoja.

Jumatano gari la kurudi Dodoma lilikuwa liondoke saa sita mchana. Asubuhi tukaitwa tena mezani kumalizia semina. Shomari hakuzungumzia bei siku hiyo. Aliniuliza habari za nyumbani, kama wazazi wapo. Nami mjinga nikamweleza habari zako, mpaka za jicho. Sura ikamlegea, akasogeza kiti.

“Basi wiki hii usijinunulie wewe, dada,” akasema. “Mnunulie mama. Mlete hapa akae kwenye maua, amtazame mjukuu wake wakati bado anaona. Usipofanya hivyo utajisamehe vipi?”

Mama, nililia mbele ya watu. Elias akaniambia kwa sauti ya chini, “Tia sahihi, tutajua mbele ya safari.” Kalamu nikaishika. Nikauliza ni wiki gani imebaki, Shomari akafungua kalenda akaniwekea kidole. Katikati ya Desemba.

“Desemba mama yangu anapanda,” nikamwambia.

“Si ataacha kwa wiki moja tu? Shamba halikimbii.”

Nikaiweka kalamu chini. Mtu aliyekuwa ananililia habari zako kama mtoto wako wa kuzaa, kumbe anadhani Nyanzala wa Urambo ataacha udongo ulionyeshewa mvua aende kukaa kwenye maua! Machozi yalikauka hapo hapo.

Alipoona samaki anachomoka, akaniuliza kabila. Nikamwambia Mnyamwezi. Akaruka na kupiga makofi. “Mtani wangu! Mimi Mzaramo! Basi leo hutoki!” Akanyakua mkoba wangu, wenye tiketi ndani, akaukalia. “Nimeuteka. Utaukomboa kwa sahihi.” Ukumbi mzima ukacheka, na watani wana haki hiyo, nani asiyejua.

Lakini hapo alikosea. Mpaka dakika ile nilikuwa mgeni, na mgeni ana mipaka yake. Alipojiita mtani, alinifungua mdomo mwenyewe. Nikasimama.

“Haya, mtani!” nikasema kwa sauti uliyonirithisha. “Babu zangu walishuka pwani kwa miguu na mizigo kichwani, wakawakuta babu zako wamekaa wanakuna nazi. Leo mmechoka kukuna nazi, mmepanda bara kuniuzia Jumatatu mpaka Jumapili! Kwani siku mnaziokota wapi ninyi? Siku ukifa nitakuja msibani kwenu, nilale juu ya jeneza, na kaburi lako nitaliuza wiki wiki!”

Nikachukua ile fomu nikampangusia mtoto kamasi. Nikamvua Shomari tai yake, nikamfunga nayo Nyanzala kiunoni kama shanga. Nikamwinua kitini kwa shati, nikachukua mkoba wangu. Watu walicheka hadi karani wa benki akaanguka kwenye kiti. Naye Shomari ilimbidi acheke, kwa kuwa mtani hakasiriki, lakini alicheka meno tu. Wale walimu wa meza ya pili nao wakainuka wakaondoka. Nilijiona shujaa, Mama, kwa muda wa kama nusu saa hivi.

Saa sita gari likaja. Waliotia sahihi wakaitwa majina, wakapanda. Sisi na walimu tukaambiwa hatumo kwenye orodha, letu linakuja. Tukakaa kwenye kivuli cha ukuta. Saa saba, saa nane. Shomari hakuonekana tena, wala yule mama wa manukato anayenipenda kama mdogo wake. Saa tisa mlinzi wa getini akatuonea huruma. “Jamani msijisumbue,” akasema. “Mimi hapa nina miezi minne, gari la pili sijaliona.”

Tukatembea mpaka Kolo, mtoto mgongoni, Elias na mabegi. Tulipata lori la mahindi linaloshuka Dodoma. Lilipasuka gurudumu mara mbili, likalala Haneti. Alhamisi mchana tulishuka Miyuji tukiwa weupe kwa vumbi, na mtu wa kwanza tuliyemwuliza akasema treni imeshapita tangu asubuhi. Treni ile, Mama, ambayo mwaka mzima huchelewa nusu siku, siku hiyo ilipita kwa saa yake.

Nilikwenda stesheni kuomba tiketi za treni inayofuata, nikaambiwa imejaa. Kesho yake tarishi akaja nyumbani na karatasi: wabunge wanaingia, wapiga chapa wote warudi kazini, likizo zimesimamishwa. Ndivyo ilivyoishia.

Elias anasema nikwambie kosa ni lake. Si lake peke yake. Kinachonichoma si zile siku tatu, wala vumbi la lori. Ni kwamba walinishikilia siku mbili nzima kunibembeleza ninunue wiki, na wiki nilikuwa nayo mkobani. Ilikuwa yako. Nikaiacha ikapita wakati nimekaa kwenye kiti cha mtu, nasema sawa, sawa, kwa adabu.

Nimeandika barua kwa mkuu wangu kuomba siku saba wabunge wakishaondoka. Amesema ataona. Akikataa nitaomba nikatwe mshahara. Tafadhali, Mama, kwa sasa usikae na jua la mchana, na ile dawa ya majani ambayo shangazi anakutilia jichoni ikatae. Mwambie nimekataza mimi, anichukie mimi.

Nisalimie Baba Mdogo anayetutunzia ng'ombe, umwambie jembe nililomwahidi ninalo. Nisalimie shangazi huyo huyo wa dawa. Msalimie Mzee wa kanisa aliyekupeleka stesheni kwa baiskeli yake, umwombee radhi kwa usumbufu wa bure. Shemeji yangu, mume wa Wande, mpe mkono.

Nibariki tu, Mama, hata kama umenuna.

Mimi mwanao niliyekuweka stesheni,
Kalunde

Wande, haya ya chini ni yako peke yako, usimsomee. Ndani ya bahasha kuna picha. Walitupiga getini siku tuliyofika, kwa kamera zile zinazotoa picha papo hapo, na ndiyo picha pekee ya Nyanzala niliyo nayo tangu aanze kutembea. Shomari alikuwa amembeba. Nimemkata kwa mkasi, lakini mkono wake umemshika mtoto kifuani, na nisingeweza kuutoa bila kumkata na mtoto. Asubuhi, jua likiingia mlangoni, mkalishe Mama hapo, uishike picha karibu kabisa na jicho la kulia. Umpe muda, asiharakishwe. Akiuliza mkono ule ni wa nani, mwambie ni wangu.