Palipokatwa Sauti ya Mama

Gungu, Kigoma
9 Machi 2022

Mdogo wangu Agnesi,

Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tunamshukuru Mungu, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu tumzike mama. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu tutagombana tena kama siku ya kuanua matanga.

Nataka zile kanda. Ulipoolewa Mpanda simu zilikuwa za wachache, na mama kuandika hajui. Nani alikuwa akimbonyezea redio kaseti akurekodie maneno? Mimi. Kisha ananiambia, "Haya toka nje, naongea na mwanangu." Mwanangu! Mimi niliyemwogesha sina sauti yake hata ya kunisalimia. Simu yangu imejaa nyimbo za kwaya. Nani humrekodi mtu anayemsikia kila siku?

Zitume kwa basi. Hamdani, fundi redio wa Ujiji, bado ana mashine ya kanda.

Ni mimi dada yako,
Eufrasia

*

Mpanda
2 Aprili 2022

Dada Eufrasia,

Shikamoo. Pole na upweke. Sisi wazima, mtoto wa mwisho alikuwa na homa lakini sasa anacheza.

Kanda siwezi kuzitia kwenye basi. Joto litazikunja, na moja utepe ulishakatika nikauunga kwa rangi ya kucha. Unakumbuka CD zilipoingia, kila mtu akasema kanda zimekufa? Nilizihamishia zote kwenye CD nikadhani nimemweka mama milele. Leo ile CD imebanduka kama ngozi iliyoungua, haisomi kitu. Kanda za kizee ndizo zinaongea bado. Basi fundi wa hapa amenihamishia kwenye flashi na kwenye memori kadi, maana anasema usiamini chombo kimoja. Flashi ni yako, imo humu kwenye bahasha.

Usinionee wivu, dada. Wewe ulikuwa na mama mwenyewe. Mimi nilikuwa na betri.

Mdogo wako,
Agnesi

*

Gungu
24 Aprili 2022

Agnesi,

Salamu za afya leo utanisamehe, nina hasira.

Flashi nimeisikiliza. Nimesikia anavyokuita kipenzi. Nimesikia alivyokutunzia mawese ya kwanza kukamuliwa, yale aliyonikataza kuyagusa. Nikavumilia. Lakini mara anasema, "Eufrasia huyu..." halafu hayupo tena, na jogoo aliyekuwa akiwika nyuma yake anakatika katikati ya koo.

Nimempelekea Hamdani. Ameziba sikio moja, akasikiliza, akasema, "Dada, kanda ikichakaa inakwaruza. Hapa pamekatwa kwa kompyuta." Kila ninapotajwa, pamekatwa.

Mama alinisema nini? Kwamba nilimnyima chakula? Kwamba nilimfokea? Mlinisengenya wawili, na mimi niko nje napepeta mchele wake?

Kanda zenyewe nazitaka.

Eufrasia

*

Gungu
30 Juni 2022

Mdogo wangu,

Hamjambo? Hujajibu. Basi pale aliponisema vibaya ndipo unapopaficha, na unapafaidi peke yako.

Dada yako

*

Gungu
14 Agosti 2022

Mdogo wangu Agnesi,

Natumaini hamjambo. Shemeji amefika salama, kanda kazipakata njia nzima kama mayai. Nilimuuliza, "Barua iko wapi?" Akasema, "Kanipa hizi tu, kisha akaingia ndani."

Tumekaa na Hamdani tukasikiliza. Nilijiandaa kutukanwa. Mama akasema: "Eufrasia huyu ndiye mikono yangu, Agnesi. Usiniulize tena kama urudi nyumbani. Ukirudi mtanigombania, naye atanuna aende zake, nami bila yeye siamki. Kaa huko kwa mumeo." Na kwingine: "Nimemtoa nje, sitaki asikie, atavimba kichwa."

Agnesi, nilipiga meza. Nilitamani uwepo uone nilivyokushinda. Nimetembea na furaha hiyo mpaka Mwanga sokoni, na hapo ndipo nikakuona wa enzi zile: una mimba yako ya kwanza, umeegesha sikio kwenye redio, unaambiwa usirudi. Nikarudi nyumbani bila kununua kitu.

Hamdani amenitolea nakala nzima. Kanda nimempa shemeji azirudishe. Ni zako.

Dada yako,
Eufrasia

*

Mpanda
1 Septemba 2022

Dada,

Shikamoo. Watoto wazima. Mimi sijui.

Nilikata kwa sababu maneno yale yalikuwa yako na sikutaka uyapate. Ulikuwa na mama mzima, bado unataka na sauti yake. Nikasema moyoni, angalau haya asiyapate.

Nyumbani nilikuja Krismasi kama mgeni, nikachinjiwa kuku kama mgeni, nikasindikizwa. Kanda zile nimezigeuza pande zote miaka yote hii natafuta mahali anaposema "njoo". Hamna. Nilipomkataza fundi asikuwekee yako, nilikuwa bado natafuta yangu.

Sasa hayupo wa kulisema. Liseme wewe, hata kama huna moyo nalo.

Mdogo wako,
Agnesi

*

Ujumbe wa simu, 9 Septemba 2022

Njoo. Njoo na watoto. Kitanda cha mama tutalala wote wawili, ila upande wa ukutani ni wangu. Dada.