Marudio ya pambano la Rashidi

Kuluthumu mwenzangu, ndiyo kwanza natoka kwenye ngumi.

Mjukuu wangu Rashidi amempasua kijana wa Nzega juu ya jicho pale ulingoni, damu ikamjaa uso mzima. Refa akasema ni ngumi halali, Rashidi kashinda. Nikapiga vigelegele!

Watu wa kona ya Nzega wakadai marudio ya video. Kwenye skrini tukaona wote: si ngumi, kampiga kwa kichwa. Wakarudisha polepole: kichwa tena, kwa makusudi, na Rashidi anacheka. Anacheka, Kuluthumu! Ushindi wakamnyang'anya.

Mwanamke niliyekaa naye alikuwa amenishika mkono tangu mwanzo, alivyoona naogopa. Nikamwambia, "Huyo aliyepiga kichwa ni mjukuu wangu."

Akajibu, "Najua, mama. Anayeshonwa pale ni mwanangu."

Mkono wangu hakuuachia.