Dengu za Bwana Jayanti

Rukia, shoga yangu,

Assalaamu alaykum huko uliko. Mwezi wa nne huu tangu tukuzike, na nimefanya jambo ambalo wewe usingelifanya.

Ulipoondoka, wenzetu wa Kikwajuni tuliokuwa tukiwapikia nao wazee wasio na watu waliacha mmoja mmoja. Nikabaki peke yangu na wazee saba. Nlikuwa nachoka, Rukia. Wewe ukimpikia Bwana Jayanti dengu zake mbali na chakula cha wenzake, kwa kuwa dini yake haimruhusu nyama. Mimi nikaona tabu. Nikawa namchotea mchuzi wa ng'ombe kama wenzake, naziondoa nyama tu. Nikajisemea, hatajua.

Kila mchana napanda ngazi zile za nyumba yake Mji Mkongwe, namkabidhi sahani mlangoni, anasema, "Ahsante sana, Bi Salma," nami mbio kwa mwengine. Nlimuona anakonda. Nikasema uzee.

Jumanne nlimkuta kaanguka chumbani. Hospitali, daktari akauliza mzee huyu anakula nini. Nikajibu, tena kwa fahari, kwamba chakula chake nampelekea mwenyewe. Jirani wa chini, aliyenisaidia kumbeba, akainamisha kichwa.

"Bi Salma, chakula kile wanakula wanangu. Mzee hutushushia kila siku. Nlidhani kinamzidi."

Kumbe Bwana Jayanti alikuwa akishindia chai na biskuti.

Nikakaa kitandani pake, nikamuuliza kwa nini hakunambia. Akajibu kwa sauti isiyotoka vizuri.

"Unapanda ngazi zote zile kwa ajili yangu. Ntakwambiaje kuwa sili?"

Nlimpikia dengu siku ile ile. Hazikupita kooni. Ijumaa alfajiri akafa.

Watu wananipa pole, wananambia nna thawabu zangu. Tangu siku ile sijawasha jiko, na wale sita sijui wamekula nini. Nikishika mwiko nauweka chini tena. Ungelikuwepo ungelinigombeza, na kugombezwa ndiko nnakokutaka.

Nnakuaga, Rukia. Mola akupe raha ambayo mimi sina. Siwezi kukuahidi kuwa kazi yetu itaishi, nguvu sina na wa kunisaidia hakuna. Ila kesho ntakwenda kwa mmoja wao, yeyote, nimuulize anakula nini. Nikishampikia, ntakaa naye chini mpaka nione amemeza.

Mwenzako,
Salma