Nilisema Halas, Redio Ikasikia Halisi

Jumanne jioni, Bani Malik, Jeddah. Joto la unyevu, shati limenigandia mgongoni, eisi ya chumba inakohoa tu. Nina hasira hata chai haishuki.

Hasira yenyewe ni ya redio ya kaunti yetu, redio ya umma, ile ninayoifungua kwenye simu kila asubuhi nikielekea bandarini. Nimeipenda kwa miaka. Matangazo ya vifo, siasa za bunge la kaunti, bei ya mahindi, ngoma za kwetu kila Jumapili. Nilikuja Saudia kulinda geti, nikajifundisha kompyuta mwenyewe, leo nahesabu mizigo ghalani, na muda huo wote sauti ya nyumbani ilikuwa ile redio.

Wiki iliyopita waliomba sisi wa ng'ambo tutume ujumbe wa sauti kuhusu maji. Nikatuma. Karibu dakika mbili, hoja nimezipanga. Pampu ya kisima chetu imekufa, akina mama wamerudi kuchota mtoni, na kaunti inataka kupeleka pampu mpya wadi nyingine kwa madai kwamba sisi maji tunayo. Nikaanza hivi: "Kwetu sasa maji ni halas."

Halas. Hapa Jeddah kila mtu anasema hivyo. Mchele umeisha, halas. Kazi imekwisha, halas. Ulimi wangu haukuniomba ruhusa.

Jana wakarusha hiyo sentensi moja, basi. Mtangazaji akacheka. "Jamaa wetu wa Saudia, Kiswahili kimeanza kumpotea! Anataka kusema maji ni halisi, wasikilizaji. Hata walio mbali wamesikia utamu wake." Leo imeingia mpaka kwenye taarifa ya habari.

Neno moja ningewasamehe. Lakini yote yaliyofuata ni Kiswahili kitupu, mtoto wa nasari angeelewa. Nani aliyakata?

Otieno, ninayeishi naye chumba kimoja, alicheka mpaka akakaa chini. "Mheshimiwa, gavana atakupa wizara ya maji!"

Sikucheka. Mama ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kile kisima. Alhamisi maofisa wa kaunti wanakuja kusikiliza malalamiko kabla ya kuamua pampu iende wapi. Sasa majirani wanamwambia asiwasemee, eti mwanawe ameshanunuliwa.

Nilimwandikia mtangazaji, nikamwomba arushe ujumbe mzima. Akajibu: "Bro, sauti si ni yako? Tulia."

Nitulie! Mtu anayefungua mfereji hapo hapo studioni ananiambia nitulie, na mama yangu ana goti bovu na mtungi mgongoni.

Nikakaa nikafikiri kama mtu wa ghala. Mzigo ukibishaniwa, kontena linafunguliwa mbele ya watu. Ujumbe wangu bado uko kwenye simu, mzima, haujaguswa. Nikampigia Mama, nikamwambia namtumia wote ili Alhamisi maofisa wausikie mbele ya kila mtu. Nikaanza kuomba radhi kwa lile neno.

Akanikata. "Wewe baba, hebu acha kunililia. Tuma. Spika nitaazima kanisani. Na hicho Kiarabu chako nitawaeleza mimi, nikiwa nimeushika mtungi mtupu."

Nimetuma. Umefika.

Hasira haijapungua hata robo. Asubuhi nitapanda teksi ya kwenda bandarini kama kawaida, na sijui kama nitaifungua ile redio. Najiuliza: wale wote niliowasikia miaka hii wakisifu barabara, wakisifu zahanati, nami nikiwaamini njiani kwenda kazini, walisema nini baada ya pale walipokatwa?