Mstari wa Mwisho Sijaufunga

Yombo Vituka, nyuma ya mashine ya kusaga,
Temeke, Dar es Salaam.
27 Aprili 2025

Mpendwa mwanangu Yuliana,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo mwanangu? Mkwe wangu Gozbert naye hajambo? Mgongo unaendeleaje, na kule kuvimba miguu kumepungua? Huko Dunedin, kusini mwisho wa dunia, baridi imeshaingia ndani ya nyumba au bado inapiga hodi? Mimi shangazi yako ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa vidole vya mkono wa kulia vinavyokakamaa asubuhi. Navichua kwa mafuta ya nazi mpaka vinanisikiliza. Baba yako huko Mbinga naye ni mzima. Tulizungumza siku ya Pasaka, akalalamika kwamba mvua ilichelewa, halafu akalalamika kwamba imezidi, nikajua kaka yangu hana ugonjwa wowote.

Najua ningeweza kukupigia. Lakini siku hizi simu zako zina ukimya mwingi katikati, na mimi nikisikia ukimya naanza kupayuka. Kwenye karatasi siwezi kupayuka, mkono unachoka. Kwa hiyo nimekuandikia, na barua nimeiweka juu kabisa ya kifurushi. Isome kwanza kabla hujafungua hicho nilichokifunga kwenye kanga.

Huku masika imetushika. Njia ya kuja kwangu imekuwa bwawa, bodaboda wanakuacha kule kwenye lami unavua viatu unamalizia mwenyewe. Ila joto halijaondoka, limeloa tu. Vyura wanaimba nyuma ya choo utadhani wana kipaimara.

Ule uzi wako ulifika mwezi wa pili, wakati wa joto la kukausha mate. Nilipoufungua na kuutia mkono, nikautoa haraka, maana nilidhani nimeshika kitu kilicho hai, kimelala. Maisha yangu yote nimefuma masweta ya shule kwa nyuzi za nailoni zinazokwaruza vidole, na vitambaa vya makochi vya watu. Sikujua uzi unaweza kuwa hivyo. Niliuweka shavuni, mtu mzima mimi, nikakaa nao hivyo mpaka chai ikapoa.

Uliniambia ni sufu ya kondoo anayeitwa merino, na kwamba ukisimama dirishani unawaona mlimani, wadogo kama punje za mchele. Basi hao kondoo wamenisumbua. Nikikaa kibaraza cha nyuma asubuhi, miguu ndani ya beseni la maji, uzi mapajani, napotea kabisa. Mikono inafuma Yombo, mwenyewe niko kwetu Litembo kwenye ukungu, nakuona ulivyokuwa mdogo, umevaa lile sweta langu la kijani linalokufika magotini, unapuliza pumzi ili uone moshi wake. Siku moja nilisinzia kidogo, nikawaona kondoo wako wanapita hapa mtaani, kimya, mmoja nyuma ya mwenzake, wanalipita genge la mboga, wanaipita saluni, na hakuna mtu anayeshangaa. Wa mwisho akasimama mbele yangu akaniangalia, kama anauliza nimefika wapi. Nilizinduka sindano imeanguka ndani ya beseni.

Lakini usidhani ilikuwa raha tupu. Kufuma sufu Dar es Salaam kunahitaji mtu asiye na akili nzuri. Viganja vinatoka jasho, uzi unashikana na vidole, sindano inakataa kuteleza. Umeme ukikatika na feni ikazima, naweka kazi chini, maana jasho la pua linaweza kudondokea humo. Nilijaribu kujipaka poda mikononi, ikawa uji. Halafu kuna mende, ambao nadhani hawajawahi kuona kitu kizuri kiasi hicho, ikabidi kila nikimaliza nifunge kazi yangu pamoja na majani makavu ya mwarobaini. Ukisikia harufu ya uchungu, ndiyo hiyo.

Kipande cha kwanza cha kujaribia nilikichemsha. Si ndivyo tunavyofanya sisi, kitu cha kugusa ngozi changa lazima kichemshwe? Nikakitia kwenye sufuria na sabuni ya unga, nikakoroga kwa mwiko. Kilitoka kimejikunja, kidogo, kigumu kama kipande cha zulia. Bupe, yule mpangaji wangu wa chumba cha mbele, ndiye aliyenisomea karatasi ya Kiingereza iliyokuja na uzi: maji ya baridi, usikamue, usianike kwenye kamba, laza tu. Yaani kidekezwe. Kile kipande sasa ndicho ninachoshikia sufuria ya chai, na kwa kweli hakipitishi moto hata kidogo.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Mwaka juzi, ulipokuwa na ule ujauzito wa kwanza, rafiki zako wa huko walikufanyia sherehe, wakaleta nguo, soksi, kofia, droo ikajaa. Halafu mwezi wa saba wa mimba ukaja, mtoto akatutoka kabla hatujamwona, na wewe ukabaki na droo. Siku ile uliponiambia kwamba unashindwa kuifungua na unashindwa kuitoa nyumbani, nililia mpaka Bupe akaja kugonga. Sisemi nguo ndizo zilizofanya. Daktari alikueleza sababu na mimi nilikuelewa. Lakini mama zetu hawakuandaa nguo za mtoto kabla hajafika, na wewe nimekulea mimi tangu mama yako alipofariki, hayo umeyanyonya kwangu. Nilipokuona kwenye picha umekaa katikati ya zile nguo unacheka, moyo wangu ulishituka nikaukemea.

Na sasa una ujauzito mwingine, na mwezi ule unaouogopa uko mlangoni. Ulipotuma uzi ulisema maneno ambayo nimeyageuza kichwani kila siku: unataka kitu cha mikono yangu, mtoto azaliwe akikute maana atafika katikati ya baridi kali, lakini hutaki kuona nguo ya mtoto ndani ya nyumba yako kabla yake. Mwanangu, nikisubiri azaliwe ndipo nitume, posta itamfikia baridi ikiwa imekwisha. Nikituma mapema, nakuletea droo nyingine. Nimefuma miezi hii yote bila kujua nitafanyaje. Hata jina la kitu chenyewe sijalitamka, na humu sitaliandika.

Kwa sababu ya hilo jina ndipo yakatokea ya Bi Tabu. Unamkumbuka Bi Tabu, jirani wa ukuta mmoja, mwenyeji wa hapa tangu Yombo ikiwa mashamba ya minazi. Alikuja akashika kazi yangu.

“Uzi gani huu, shoga, laini hivi?”

“Sufu,” nikamwambia.

“Sufi? Sufi nayo inafumwa siku hizi?”

“Sufu, Bi Tabu. Manyoya ya kondoo.”

“Haya. Na unafuma nini?”

Nikababaika. Nikaona mto juu ya kochi. “Foronya,” nikasema.

Akacheka. “Foronya ya sufu, ndani sufi! Utalala kama bibi harusi.”

Nikadhani yameishia hapo. Baada ya Pasaka nikaenda Mabibo kwa kaka yako Sebastian, mkewe alikuwa na homa, nikalala huko. Ufunguo nilimwachia Bi Tabu awape kuku maji. Kazi yangu niliiacha mezani, ikiwa imebaki kuufunga mstari wa mwisho tu. Nilipanga kuufunga nikirudi, kisha nikae niumize kichwa.

Nikarudi. Nikamkuta amekaa mlangoni kwangu, amejitanda kanga mpya, anatabasamu.

“Mama Seba, mto wako tayari! Mie nimeona unahangaika nao siku zote hizi, nikasema ngoja nimmalizie mwenzangu.”

Yuliana, alikuwa ameikunja kazi yangu katikati. Ameshona upande na upande. Amejaza sufi, ile ya mti wa msufi, gunia zima alilotumiwa na kaka yake kutoka Mkuranga, mpaka ikatuna kama kitumbua. Na ili afunge mdomo wa mto, alikuwa ameichomoa sindano yangu.

Wewe nimekufundisha kufuma, unajua maana ya kuchomoa sindano. Niliketi chini sakafuni na mkoba wangu begani. Nikaanza kulia.

“Jamani,” akasema Bi Tabu, “umeupenda mpaka unalia?”

Akaniangalia, akauangalia ule mto ambao ukubwa wake si wa mto, akaiangalia picha yako ya harusi ukutani. Tabasamu likamtoka polepole.

“Kumbe si mto,” akasema.

“Si mto.”

“Basi usiniambie.”

Akaingia kwake, akarudi na wembe na miwani.

Tulikaa kibarazani mchana ule, na mchana uliofuata, na mwingine, tukiitoa sufi. Hujawahi kuona sufi ikiingia ndani ya sufu. Zinapendana. Unavuta unywele mmoja, mwenzake anajificha. Ilipeperuka uwanja mzima, ikakaa kwenye nywele zetu, kwenye majani ya mpapai, juu ya kuku. Mvua ikanyesha tukiwa tumekaa chini ya bati, kila kitu cheupe, na Bi Tabu ameketi na uzi wako mapajani anachambua kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Nilijiona nimefika kwenu, kwamba ile ni theluji, na kwamba ukifunguka mlango wa nyuma utatoka wewe. Nilikaa nikiutazama ule mlango. Nilikuwa na furaha, mwanangu, sijui hata kwa nini.

Tulipofika kwenye mdomo wa mto, pale alipochomoa sindano, nilifumba macho. Nilijua vitanzi vimeshakimbia na mistari imefumuka. Nikasikia Bi Tabu anasema, “Tazama.” Nikatazama. Bi Tabu hajui kufuma, lakini ameshona makawa ya kufunikia chakula kwa mkono tangu utotoni, hawezi kuruka tundu. Kila kitanzi, kimoja baada ya kingine, alikuwa amekipitishia uzi wake mweupe wa kushonea. Hakuna hata kimoja kilichokimbia. Vyote vilikuwa vimekaa juu ya ule uzi, wazi, vinasubiri.

Nikavitazama kwa muda mrefu. Ndipo nikajua nitafanyaje.

Kwa hiyo sikiliza. Hicho kilichomo ndani ya kanga sijakimaliza. Nimekiosha kwa maji ya baridi, nimekilaza kama nilivyoagizwa, lakini mstari wa mwisho sijaufunga. Nimevihamishia vitanzi kwenye uzi mmoja mrefu wa Bi Tabu, na ncha zake nimezifunga fundo unaloweza kulifungua kwa kucha. Kitu ambacho hakijafungwa si nguo ya mtu bado. Ni uzi tu, umekaa vizuri. Unaweza kukaa nao nyumba moja, unaweza kuushika ukipenda, na hujaandaa chochote.

Na jambo hili naliandika mara moja tu kisha tusilirudie. Ikitokea vinginevyo, vuta uzi ule mweupe, halafu vuta na ule wako. Vyote vitafumuka, mstari mmoja baada ya mwingine, mpaka urudi kuwa donge la uzi kama ulivyoninunulia. Hutabaki na kitu ndani ya droo. Nimekihakikishia njia ya kurudi, ili usiogope kukipokea.

Lakini mimi nakukumbusha kufunga, si kufumua. Siku atakapofika, akishaoga, akishanyonya, akalala, chukua sindano. Rudisha vitanzi. Fuma viwili, kisha cha kwanza kivushe juu ya cha pili, kiache kianguke. Fuma kingine, vusha tena, mpaka mwisho. Usikaze. Wewe ukiwa na hofu unakaza, toka utoto, pembe zinakunjamana. Kama mikono yako itakuwa na kazi nyingine, mfundishe Gozbert, naye afunge. Ukikuta nyuzi nyeupe fupifupi zimenasa ndani usizing’oe, ni sufi ya Bi Tabu, zimekataa kutoka, naona zinataka kusafiri.

Nisalimie Gozbert, mwambie mkwe wangu asikuache ubebe ndoo. Bupe anakusalimu. Sebastian na mkewe wanakusalimu, homa imeisha. Baba yako anakuombea rozari, ingawa akiulizwa atakwambia anahesabu miche ya kahawa. Bi Tabu anakuombea dua kila swala, kwa jambo ambalo anasema hajaambiwa.

Mungu akushike mkono kwenye mwezi huo, siku moja baada ya nyingine, usikimbie mbele yake na usibaki nyuma.

Simu yangu nailaza chini ya mto, mto wenyewe sasa umejaa ile sufi, umetoka mzuri kweli. Siku hiyo ukinipigia, usihangaike kutafuta maneno. Msogezee simu yeye, nimsikie akilia.

Ni mimi nikupendaye, mikono ikiwa bado na manyoya,
Shangazi yako Editha