Sahani ya Krapi Mlangoni

Avelina, acha unachofanya usome. Nimeaibika!

Leo nimevua krapi tisa kwa ndoano yangu mwenyewe, wale samaki wa huku wenye madoadoa meusi, watamu kama sato wetu. Tisa, na mimi naishi peke yangu!

Sasa wewe unajua, kwetu Ukerewe harufu ya samaki ikishafika kwa jirani lazima naye aonje. Nikawakaanga, nikapanga wanne kwenye sahani, nikakamulia ndimu, nikaenda kugonga mlango wa pili.

Hakufungua, shoga. Ikaongea kengele ya mlango, ile yenye kamera, kwa sauti yake: "Hatujaagiza chakula."

Hatujaagiza! Nikainua sahani mbele ya kamera, nikasema mimi jirani yako, nimevua samaki, nimekuletea.

Halafu tena: "Hatujaagiza chakula."

Nimerudi nao. Wamepoa hapa mezani, sijawagusa. Wewe ningekuletea, ila kutoka hapa Dallas mpaka Houston ni saa nne barabarani.

Mwaka wa nne huu mimi na jirani huyu tunatenganishwa na ukuta mmoja. Akikohoa huwa namwambia "pole", ingawa hanisikii. Leo ndiyo mara ya kwanza kunisemesha.