Sura ya Tisa

Steinhofen, 3 Machi 1927

Mdogo wangu Anselm,

Salamu nyingi. Kifua kinaendeleaje? Sisi wazima, ila goti la baba. Nguo zako nimezifua, ziko posta pamoja na soseji. Kula mwenyewe, usiwagawie hao wanafalsafa wako.

Sasa kaa chini. Mwalimu Eberle, yule mgane, amenichumbia! Kwa umri huu, nilishakata tamaa kabisa. Mchungaji atatutangaza kanisani baada ya Pasaka. Na riwaya yako imeanza kutoka gazetini. Tunasomewa jioni kwa mwokaji. Wazee wanasinzia, mimi siambulii kitu, lakini najivuna.

Dada yako, Walburga

Heidelberg, 14 Machi

Dada mpendwa,

Mimi mzima, nguo zimefika. Hongera. Wasipoielewa usihuzunike: riwaya yangu inauliza kama mtu wa fikra anaweza kuishi bila kumdhulumu mtu yeyote. Waambie wavumilie. Sura ya tisa itawaamsha.

Mdogo wako, Anselm

Steinhofen, 20 Aprili

Anselm,

Leo sikuulizi hali. Katika sura ya tisa umemweka dada mpishi, kichwa kizito kama mimi, aliyezaa kwa siri, na kichanga kikazikwa nje ya ua wa makaburi. Nani alijua? Mimi, marehemu mama, na wewe uliyekuwa ukisikiliza mlangoni. Jana hakusinzia mtu. Mwalimu alikuwa amekaa kando yangu. Akachukua kofia yake, akatoka.

Nimemfuata hadi shuleni. Kasema, “Anselm akiandika gazetini kwamba hayo ameyatunga, Jumapili ya tarehe mosi nitakuja kanisani. Asipoandika, usinisubiri.”

Mistari miwili tu, mdogo wangu. Nimekulea. Nakupigia magoti.

Walburga

Heidelberg, 9 Mei

Dada mpendwa,

Natumaini goti la baba limepata nafuu. Barua yako ilifika mapema, nami niliitafakari sana. Najua Jumapili imepita. Nisingeweza kuandika uongo. Kitabu kizima kinasimama juu ya ukweli, na wewe ndiwe uliyenifundisha nisiseme uongo.

Lakini barua ile, Walburga! Nililia. Nimeiingiza yote katika sura ya mwisho, nimekusahihishia sarufi tu. Bado jambo moja: mchungaji alipofika kwenye matangazo na Mwalimu hayupo, ulibaki umekaa, au ulitoka mbele ya watu? Nijibu upesi, mhariri ananisubiri.

Mdogo wako akupendaye, Anselm